Mabega ya Kokugonza

Wiki ya tatu sasa mjukuu wangu Kokugonza ananichosha na mikono yake. Anajifunza baleti, dansi ya Kizungu, na mwalimu Hellen amesema atamtoa kwenye onyesho asiposhusha mabega na kuinua viwiko.

"Shusha mabega."

"Nimeshusha, bibi."

"Mbona yako masikioni?"

Ijumaa nilichoka kabisa. Nikaketi kufumua sweta la mtumba, naye nikamwambia anishikie uzi. Niliuzungusha kwenye mikono yake miwili. Kila kiwiko kiliposhuka, uzi ulianguka. Ulianguka mara nne, nikauokota nikiguna. Mara ya tano alitulia, mabega yameshuka, mikono ya duara kama amekumbatia kapu.

"Hivyo hivyo. Usisogee."

"Bibi, mikono inauma."

"Na mgongo wangu je?"

Jumamosi alirudi kutoka mazoezini anatabasamu. Hakutolewa. Nyuma yake walisimama wenzake watano, kila mmoja na sweta la mtumba.

"Shikamoo, bibi. Mwalimu ametutuma."

"Marahaba," nikasema, nikishika kiuno.

Kokugonza akanisogezea kigoda.

"Wewe kaa tu, bibi. Uzi ukianguka, nitaokota mimi."