Ubeti wa Pili wa Masumbuko

Saa kumi jioni Tabita alikuwa akisugua sufuria kwa majivu nyuma ya kibanda chake cha chakula, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, mumewe Masumbuko alipokuja akaketi kwenye benchi. Alikuwa amekufa tangu mwaka juzi. Shati lake lilibaki nusu, na kwa kuwa alinuka mafuta ya taa, alikaa upande ambao upepo usingepeleka harufu kwa madereva waliokuwa bado wanakula.

"Habari za huku, Mama Blessing?"

"Nzuri. Nilikutegemea siku ya arobaini."

"Nisingekuja kabisa. Kilichonileta ni huu wimbo. Na kule tunausikia."

Mwaka ule, 2008, wimbo huo ulikuwa kwenye kila duka la simu Tunduma. Aliyeimba ni Wiliam, aliyejiita Kamanda Wili, mtoto wa mkulima wa kahawa wa Itaka. Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, kwenye nyumba yenye ukuta na mlinzi, na uhalifu pekee uliowahi kumpata ni kuibiwa kandambili nje ya kanisa. Hata hivyo aliimba kwa sauti ya mtu aliyelala mahabusu miaka mingi, kuhusu mtaa wa Magunia, ambako alipita mara mbili akiwa ndani ya gari:

*Masu jambazi, chuma kiunoni,*
*Polisi wakimwona wanarudi kituoni.*

"Chuma gani?" Masumbuko aliuliza. "Mimi hata pampu ya baiskeli nilikuwa naazima."

Tabita alimweleza kwamba Blessing, binti yao wa darasa la nne, alikuwa na wiki mbili hajaenda shule. Wenzake walimwita mtoto wa jambazi na kumtaka awaonyeshe bastola.

Masumbuko alikuwa ametoka Momba, bondeni, kwa watu wanaofuga ng'ombe, akaja mpakani kubeba mizigo kwa baiskeli hadi Nakonde. Siku aliyokufa alikuwa amebeba mifuko miwili ya sukari aliyopewa na Boazi, mwenye ghala. Sukari ilikuwa ya wizi. Mwenye sukari alipotokea kuitafuta, Boazi alinyoosha kidole kwenye baiskeli na kupiga kelele za mwizi. Ilikuwa saa tano asubuhi. Watu wa Magunia waliweka chini walichokuwa wameshika, wakaja, na kabla ya saa sita kila mmoja alikuwa amerudi kazini. Boazi sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa.

Kesho yake mchana mume na mke walikwenda studio. Ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vipodozi, trei za mayai zimegongelewa ukutani. Wiliam aliwapa viti. Alimtazama Masumbuko, akafungua dirisha kwa ajili ya harufu.

"Braza, pole kwa yaliyotokea," alisema. "Ila elewa, hii ni sanaa. Mimi ni sauti ya kitaa."

"Kitaa kipi?" Tabita aliuliza.

"Kitaa chote, mama."

"Basi sema alivyokufa. Sema aliyembebesha ile sukari."

Wiliam alikuna kidevu, ambako alikuwa akijaribu kufuga ndevu. Alisema baiskeli haina mzuka. Watu wanataka risasi. Lakini alipokuwa akisema hayo alimsikiliza Masumbuko akikohoa, akaipenda ile sauti, iliyokuwa nzito na yenye moshi ndani yake. Akamsogezea maiki. Masumbuko alisimulia kila kitu bila haraka, majina na kazi zao, na Wiliam akampangia vina. Hivyo ukapatikana ubeti wa pili, marehemu akighani mwenyewe:

*Jiwe la kwanza lilitoka kwa Ezron,*
*La pili na la tatu yakatoka kwa Watson,*
*Enesi akaleta mafuta kwenye kopo,*
*Boazi akasema, mchomeni hapohapo.*

Tabita aliomba urudiwe. Kwa mara ya kwanza tangu msiba alihisi kifua kimelegea. Aliamini watu wa Magunia wakiusikia, wataona aibu, na wengine huenda wakahama.

Wimbo ulizinduliwa upya Jumamosi kwenye uwanja wa mpira. Mgeni rasmi alikuwa Boazi, aliyetoa jenereta. Alikaa mbele, kofia magotini. Tabita alisimama pembeni na Masumbuko, wakingoja.

Ubeti wa pili ulipoanza watu waliacha kucheza. Kisha Ezron, fundi cherehani, alinyanyua mkono.

"Mimi huyo," alisema.

Wenzake wakambeba mabegani. Watson alipanda jukwaani na kuonyesha kwa vitendo jiwe la pili, halafu la tatu. Enesi, muuza mafuta ya taa, alilia kwa furaha, akisema tangu azaliwe jina lake halijawahi kusemwa kwenye spika. Watu waliokuwepo siku ile lakini hawakutajwa walimzonga Wiliam wakidai haki yao. Mmoja alikumbusha kwamba tairi lilikuwa lake.

Boazi alisikiliza hadi mwisho. Alimwita Wiliam, akamwambia jina lake halikusikika vizuri, ngoma imelifunika. Kisha akamgeukia Masumbuko na kumpa mkono.

"Una kipaji," alisema. "Ulikuwa wapi siku zote?"

Wiliam alirekebisha ngoma jina likasikika. Wimbo ukavuka hadi Nakonde, ukafika Mbeya, na mtangazaji mmoja wa redio akausifu kwa kusema ukweli wa maisha ya uswahilini. Hakuna aliyeitwa kituoni. Polisi wenyewe waliuweka kwenye simu zao.

Blessing alirudi shule. Hakuitwa tena mtoto wa jambazi. Wakati wa mapumziko watoto walicheza mchezo wa ubeti wa pili, na wote walitaka kuwa Ezron. Nafasi ya Masumbuko ilikosa mtu, kwa hiyo walimpa yeye, kwa kuwa ni ya baba yake. Alirudi nyumbani na nundu kwenye paji la uso, na mama yake akamkanda kwa maji ya chumvi.

Masumbuko alikwenda kumwomba Wiliam aiondoe sauti yake. Wiliam, aliyekuwa amenunua miwani ya jua, alimwambia wimbo ukishatoka umetoka.

Septemba, Luka, kijana wa Isansa aliyekuja mjini kuuza mahindi, alionekana Magunia akisukuma baiskeli mpya. Ilikuwa yake, na risiti ilikuwa mfukoni. Mtu alipiga kelele. Watu walikuja wakiimba ubeti wa pili, ambao sasa waliujua kwa moyo, wanawake wakiitikia, na palipotajwa jiwe la kwanza walilirusha kwa pamoja, kwa kufuata mapigo ya wimbo. Boazi alisimamia utaratibu. Ilichukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza.

Kesho yake saa kumi jioni walikuja wawili. Luka alimwamkia Tabita, akaomba radhi kwa harufu. Tabita aliwaletea maji ya kunawa, akarudi kukoroga maharage.