Komeo la Mlango wa Nyuma

"Wewe ni nani wake?"

Askari wa mapokezi hakuinua macho. Kalamu yake ilikuwa imeshafika kwenye safu ya uhusiano, ikasimama hapo ikingoja. Kinyozi naye akasimama akiitazama. Hili lilikuwa gereza la tatu. La kwanza walimwambia mtu anayemtafuta hayumo. La pili walimwambia alikuwemo, kahamishwa. Na kati ya gereza na gereza kulikuwa na mabasi, foleni, na makarani waliokuwa wakimwambia njoo kesho kama vile kesho ni mtaa wa pili tu.

"Rafiki yake," akasema, kwa ile lugha ya ugenini aliyojifunza kwa wateja.

"Marafiki hawaingii. Ndugu tu."

"Basi andika ndugu."

"Wa mama mmoja?"

"Mama mmoja," akajibu, na haya ikampanda mpaka masikioni.

Askari akaandika. Kisha akapekua mfuko wa karatasi, akatoa sabuni, akatoa soksi, akatoa chanuo la mti lililolainika kwa kutumika miaka mingi. "Hili haliingii."

"Ni la kuchania nywele tu, afande. Kalituma mama yake."

Askari akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mama yake au mama yenu?"

"Mama yetu."

"Lina meno. Utalichukua ukitoka."

Mama huyo ndiye aliyemfukuza kuja huku, maana yeye mwenyewe angepiga chenga mpaka kifungo kiishe. Mwaka mmoja na nusu alikuwa akijipa sababu: mara pasi ya kusafiria, mara kibali, mara mgongo. Na kila alipokwenda kumjulia hali mama wa watu, alikaribishwa kwenye kiti kizuri na kupakuliwa kwanza. "Kula, baba," mama angemwambia. "Mwenzako kanieleza kwenye simu, mlango ulikwama. Mungu kakunusuru wewe mmoja, ashukuriwe kwa huyo mmoja." Siku kibali kilipotoka, mama alimpa lile chanuo na neno moja tu: "Nenda ukamtazame, uje uniambie kama anakula."

Mlango ulikwama. Ule mlango haukuwahi kukwama hata siku moja.

Walikuwa wamefungua saluni wawili katika nchi hii ya ugenini, yeye na huyo rafiki yake, ambaye watu wote walimwita Chanuo kwa sababu hakukosa chanuo kichwani, limechomekwa nywelini kama kalamu ya karani. Chumba kilikuwa chembamba, viti viwili, kioo kimoja chenye ufa. Vibali vya kufanya kazi hawakuwa navyo. Kila Jumatatu asubuhi, kabla mteja hajaingia, mmoja alikaa na mwingine akashika mashine, kisha wakabadilishana. Kinyozi hajinyoi, wahenga walishasema, na wao walilitii hilo bila kulijadili.

Mlango wa nyuma ulitokea uani, na komeo lake lilikuwa kwa nje, kwa sababu mbao za ndani zilikuwa zimeoza, hazishiki msumari. Aliyetoka kuchota maji alikomea nyuma yake, la sivyo upepo uliubamiza mlango na nywele zikatapakaa chumba kizima. Mkono ulikuwa umezoea: toka, vuta, komea.

Siku maofisa wa uhamiaji walipoingia kwa mlango wa mbele, yeye alikuwa karibu na ndoo. Chanuo alikuwa na wembe shingoni mwa mteja. Na kwa kuwa alikuwa Chanuo, hakuutupa. Aliuinua taratibu, akaufunga, akauweka mezani, ndipo akakimbia. Kinyozi alikuwa ameshatoka. Akavuta, akakomea, akaruka ukuta, na hakusimama mpaka alipofika kwao.

Kwa miezi kadhaa alijiambia kwamba ni mkono tu, mazoea yana taabu. Lakini mtu anaweza kuwadanganya majirani wote, akajikuta hana pa kujificha na nafsi yake. Alizisikia hatua za Chanuo zikimfuata. Alisikia jina lake likiitwa. Komeo lilikuwa nusu tu wakati jina lake linaitwa, na yeye akalisukuma mpaka mwisho, ili maofisa wachelewe. Upande wa pili Chanuo alipiga mlango kwa viganja, wakamkamata palepale, wakavutana, na ofisa mmoja akaangukia sinki akavunjika mkono. Ndio maana hakurudishwa kwao kama wengine. Alipewa miaka minne.

Chumba cha wageni kilikuwa kirefu, chenye benchi kila upande na wavu wa chuma katikati. Matundu ya wavu yalipitisha vidole viwili, si zaidi. Askari mmoja alikuwa akitembea huku na huku na saa mkononi.

Chanuo akaletwa. Amepungua, na kichwa chake kimenyolewa kipara, hakina chanuo wala pa kulichomeka. Alipomwona mgeni wake alisimama kidogo, kisha akacheka lile cheko lake la zamani, la puani.

"Aisee! Nimeambiwa kaja ndugu yangu. Nikasema, mama kajifungua lini tena?"

Kinyozi alitaka kucheka, akashindwa. "Hujambo, ndugu yangu?"

"Sijambo. Mama mzima?"

"Mzima. Anauliza kama unakula."

"Mwambie nakula kuliko nilivyokuwa nikila mapishi yako." Akakaa. "Na kazi ninayo. Mimi ndiye kinyozi wa humu. Vichwa mia tatu, mashine moja, mtindo mmoja. Na hakuna mteja anayehamia saluni nyingine."

"Kakuletea chanuo. Wamelizuia mapokezi. Wanasema lina meno."

Chanuo akajipapasa kipara chake pole pole. "Ningelichania nini?"

Askari akapita. Kinyozi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu kwenye basi la kwanza, yote kwa mstari, lakini sasa kila alipoinua macho akakutana na uso ule, maneno yakarudi yalikotoka. Uso umeumbwa na haya, na wa kwake ulikuwa umejaa tele. Akazungumzia mvua. Akazungumzia jirani aliyeoa.

"Nani anakunyoa siku hizi?" Chanuo akamkatiza ghafla.

"Yeyote tu. Popote."

"Ndiyo maana. Pembeni hapo umeliwa na panya. Hebu geuka nione kisogoni."

"Achana nako."

"Geuka, bwana. Dakika zinakwenda."

Akageuka, akakaa akiupa wavu mgongo. Mbele yake palikuwa na ukuta uliopakwa rangi ya kijivu, hakuna kioo, hakuna uso. Akasikia vidole viwili vikipenya tunduni, vikagusa nywele zake, vikaanza kupima kama zamani, kutoka sikio hadi sikio.

"Hapa wamekuacha kilima. Na hapa, lo! Huyu alikuwa anavuna nyasi?"

Miaka yote ya kazi alikuwa ameliona jambo hili kwa wateja: mtu akishainamisha kichwa, akashikwa kisogo, husema yale ambayo mkewe hajawahi kuyasikia. Hakuwahi kujua kwa nini. Sasa alijua.

"Mlango haukukwama," akasema.

Vidole vikaendelea kidogo.

"Nilikomea mimi. Na nilikusikia. Uliniita nikakusikia, ndipo nikalisukuma komeo mpaka mwisho. Siyo mazoea, Chanuo. Niliogopa. Nilitaka wahangaike na wewe, mimi nipate kuuruka ukuta."

Vidole vikasimama. Vilibaki palepale, juu kidogo ya shingo, na kinyozi akahisi ubaridi wa ncha zake. Buti za askari zilifika mwisho wa chumba, zikageuka, zikarudi. Kinyozi alikuwa akilia, machozi yakimdondokea magotini, na mabega yakaanza kumtikisika.

"Usitikise kichwa," Chanuo akasema.

Hakusema lingine. Vidole vikahamia nyuma ya sikio, vikapita polepole kwenye ule mstari ambao wembe hupita mwishoni. Sauti yake haikuwa ya hasira wala ya huruma. Ni ile aliyoitumia kwa kila mteja, siku zote, ili asimkate.

Filimbi ikapigwa. Benchi la upande wa pili likalia.

"Mama mwambie ulikwama," sauti ya Chanuo ikasema, sasa ikitokea juu, ya mtu aliyesimama. "Moyo wake ni mmoja tu yule. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Angeweza kugeuka. Alisikia hatua zikienda, akazihesabu bila kutaka, akasikia mlango ukifungwa, na baada ya mlango chuma kikiteleza juu ya chuma, taratibu, mpaka mwisho. Akabaki vilevile kwenye benchi, uso ukutani, kichwa kimeinama, kama mteja anayengoja aambiwe kwamba tayari.