Kufuli Mbili Nyekundu

Nyaruai hakumpenda Levi tangu salamu. Huyu mwenye kinu cha posho hapo Naitiri alikuwa na haraka isiyo na mfano, na kila alipopita alichezesha shada la funguo kiunoni. Magunia ya wakulima yalikuwa yamefika hadi barabarani, naye Nyaruai na fundi mwenzake kutoka Kitale walikuwa wamemzimia stima tangu asubuhi ili wabadilishe nyaya za mota.

"Mnamaliza saa ngapi, madam?" aliuliza mara ya nne.

"Tukimaliza utajua."

Huyu, Nyaruai alijiambia, ukimpa nafasi atakuwashia stima ukiwa umeshika waya.

Ndiyo maana yeye na mwenzake Wahome walikuwa na desturi yao. Wakishazima swichi kuu, kila mmoja hutia kufuli yake kwenye mlango wa sanduku la swichi na kutembea na ufunguo wake. Bila funguo zote mbili, stima hairudi. Kufuli hizo nyekundu Wahome alizinunua Bungoma mwaka jana, na ufunguo wa Nyaruai haukuwahi kutoka shingoni mwake.

Saa nne walikunywa chai. Wahome alimaliza yake upesi akarudi kazini. Nyaruai alibaki nje kumchunga Levi, aliyeingia stoo, akatoka, akachungulia ndani kwenye sanduku, akaingia tena. Chai ikampoa mkononi. Mwishowe aliinuka, akazivuta kufuli zote mbili. Zilikuwa zimefungwa.

Alivaa glavu zake za mpira, na kabla ya kugusa waya akapima tena kwa testa, kwa ile roho yake ya kushuku. Testa ikawaka: waya ulikuwa na stima.

Aliuvuta mkono nyuma upesi. Kisha hasira ikampanda.

"Levi! Umefungua kufuli yangu na nini?"

"Mimi? Ati kufuli? Haki ya Mungu sijagusa! Nilikuwa stoo napima mahindi ya mteja wangu Phelista, si umuulize!"

Nyaruai alimpokonya zile funguo, akazijaribu moja moja mbele ya watu. Hakuna hata mmoja ulioingia.

"Wahome, lete ufunguo wako tufungue."

Wahome aliutoa polepole mno. Nyaruai aliusukuma kwenye kufuli ya kwanza aliyoshika. Ikafunguka. Akausukuma kwenye ya pili. Nayo ikafunguka. Ndani, swichi ilikuwa imewashwa.

"Nilitaka tu kuona kama stima inafika huku kwangu," Wahome alisema akitazama viatu vyake. "Nilijua uko kwa chai. Nikasahau kuzima."

"Na ulijua ufunguo ni mmoja tangu lini?"

"Tangu nizinunue. Sikutaka kukusumbua, bana."

Mwaka mzima! Webuye, Kiminini, kote huko alikuwa ametia mikono kwenye nyaya huku ufunguo ukimning'inia shingoni kama pambo. Ilimuuma sana, na hakujaribu kuficha.

Alizima swichi.

"Levi, pole kwa maneno yangu. Nipe kufuli ya stoo yako na funguo zake zote. Halafu leta kiti ukae hapa mbele ya sanduku. Mtu asiguse. Hata huyu."

Levi alileta kiti. Nyaruai akafunga sanduku kwa kufuli ya stoo, akatia funguo mfukoni, akapima tena, kisha akainama kwenye mota. Kila baada ya dakika chache aliita bila kugeuka.

"Levi, uko?"

"Niko, madam."