Mashua Iliyokunywa Tangi la Mbithe

Kyule hajui kuogelea. Mbithe, mkewe, alilijua hilo tangu siku za uchumba, na ndilo lililomkosesha usingizi tangu mumewe alete hapa Kabati mashua kuukuu ya tanga, aliyoinunua baada ya kutelekezwa miaka mingi kando ya bwawa la Kiambere. Aliipiga msasa, akaziba nyufa kwa pamba, akaipaka rangi ya buluu. Tanga alishonewa na Fahad, muuza vitambaa wa Kitui mjini ambaye kwao ni Lamu. Majirani walicheka mpaka wakachoka. Mashua ya nini, na hapa hata mto ni mchanga mtupu?

"Jumamosi nairudisha Kiambere, naiweka kwa maji," Kyule alisema.

"Na ikivuja, Baba Katunge?"

"Haivuji."

Alijibu haraka mno, macho kwenye kikombe cha uji, na Mbithe akajua kwamba hata yeye ana hofu. Alishamwona amezikwa.

Basi Alhamisi, Kyule alipokwenda Mombasa kutafuta kamba, Mbithe akaamua kumwonyesha kwa macho. Maji ya mvua yaliyobaki kwenye tangi, ya kupikia na ya ng'ombe, akayachota ndoo baada ya ndoo na kuyamwaga ndani ya mashua. Ilivuja kama chujio la chai. Yalimuuma maji yale yakinywewa na vumbi, lakini roho ilitulia: akirudi ataona mwenyewe, na safari itakufa. Ushahidi usije ukakauka, akaendelea kumwaga hadi Ijumaa, mpaka tangi likabaki tupu.

Jioni hiyo Kyule alirudi, akaingia uani na kuinama chini ya mashua. Palikuwa na tope, lakini hapakudondoka hata tone. Mbao zilikuwa zimekunywa, zikavimba, zikashikana.

Mbithe alipapasa huku na huku akitafuta tundu. Hakulipata.

"Fahad aliniambia lazima inywe maji kwanza," Kyule alisema polepole. "Sasa ningekuombaje maji, na tangi letu ndilo hilo tu? Nilikuwa niende tu hivyo hivyo." Akamshika mkono. "Asante, Mama Katunge."

Mbithe aliitazama ndoo yake. Asingemwaga, kesho mumewe angezama. Amemwaga, na sasa hakuna wa kumzuia.

"Inabeba watu wangapi?" aliuliza.

"Wawili."

"Basi wa pili ni mimi."

Kyule alimtazama. "Na wewe unajua kuogelea?"

"Sijui."