Zamu ya Mzee Népo

"Umelala tena," shefu Adrien, mkuu wetu wa mitambo, alisema, akatupa mezani pete nyeusi iliyoungua, ile inayozuia maji yasivuje kwenye shafti ya pampu. Bado ilinuka moshi.

Mzee Népomuscène aliiokota, akaigeuza mkononi. Alikuwa mchunga pampu wa kiwanda chetu cha sabuni, barabara ya Gatumba, zamu ya mchana. Aliwahi kukutwa anasinzia kitini, saa nane ya jua kali, na nani asingesinzia? Tangu hapo sifa ikamganda. Pampu ikiharibika, Népo kalala. Na kweli iliharibika zamu yake tu.

"Ikiungua tena, mutu huyu anaenda nyumbani," Adrien aliniambia alipotoka.

Nilisikia uchungu, nisiseme uongo. Mzee wa umri ule, Bujumbura hii, nani angempa kazi nyingine?

Adrien ni injinia wa mekanika kama mimi, na ndiye aliyenipika kazini: weka kiganja juu ya mashine, sikiliza, nusa. Lakini mwaka ule nilikuwa nimeanza kujifunza programu kwa rafiki yangu Ingrid, kule Mutanga Sud. Jamani, nilisota! Unakosea nukta moja, kompyuta inagoma. Nyumbani Jabe mama alinicheka: "Raihana, masomo yote yale, na bado unaenda shule?" Shefu yeye hakucheka; kompyuta kwake ilikuwa ordinateri, na skrini ekra.

"Mekanika na ordinateri, wapi na wapi? Mashine inasikilizwa na mukono. Ukizoea kutazama ekra, mukono unakuwa mujinga."

Siku hizi vijana wa chuo wananiuliza swali hilohilo, na mimi huwasimulia habari za pampu ile.

"Shefu," nilimwambia, "mkono wako hauwezi kukaa juu ya pampu kutwa nzima. Niache nifunge vipimo."

"Funga. Vitakuonyesha usingizi wa Népo."

Nikafunga kipima joto karibu na pete mpya, kingine cha mgandamizo wa maji, kingine cha umeme wa mota. Nyaya zikaingia kwenye kompyuta yangu ndogo, na programu niliyoiandika mwenyewe ikawa inakusanya namba mfululizo. Hata umeme ukikatika, betri inaendelea. Nilijisikia bingwa, kisha nikaogopa. Je, kama mzee analala kweli? Ningekuwa nimemfukuza mimi.

Naye alikuja kuniuliza, sauti chini: "Dada, kitu hicho kinaona mutu?"

"Apana, mzee. Kinaona pampu tu."

Akaondoka bila kuridhika.

Sasa, aliyeishi Bujumbura anaijua furaha ya umeme ukirudi. Kwetu ilikuwa shangwe. Mmoja anapiga kelele "Umerudi!" na kila mtu anakimbilia mashine yake, maana hujui utakaa muda gani. Ilikuwa amri ya Adrien: washeni vyote, hapohapo. Mimi mwenyewe nilikuwa nakimbia, tena nacheka.

Namba zilipokuwa za kutosha niliwaita wote wawili, nikawafungulia mistari kwenye skrini. Umeme unakatika, na maji yanarudi kisimani, kwa kuwa vali ya chini, ile inayoyashika maji bombani, imechoka. Umeme unarudi, mota inaamka, maji hakuna. Pampu inazunguka kavu, joto la pete linapanda vibaya mno. Baadaye maji yanafika, yanaipoza, na kila kitu kinaonekana kizima.

"Umeme wetu unakatika mchana, shefu. Ndiyo maana ni zamu yake."

Adrien alisogeza uso mpaka karibu aguse skrini. "Rudisha." Nikarudisha. Akaitazama pampu, akautazama mkono wake.

"Kila nikifika kuigusa, iko baridi," alisema polepole. "Na ni mi niliwaambia wawashe mara moja."

Nikamgeukia mzee Népo, nikitegemea atacheka, au amtukane mtu, haki yake. Alikuwa ameinamia mstari wa mota, kidole juu ya skrini.

"Dada, hapa umeme unarudi. Na hapa pampu inawaka. Nani aliiwasha?"

"Ni wewe, mzee. Haijiwashi yenyewe, na zamu ni yako."

"Hapa pia?"

"Hapa pia. Kila mara. Umeme ukirudi tu, wewe uko kwenye kibonyezo."

Akatafuta kiti, akakaa.

"Mi nilishaanza kusadiki," alisema. "Mutu akikuambia kila siku unalala, unalala... Nilimwambia hata bibi yangu, mama watoto, labda nalala bila kujijua. Akanipeleka kwa daktari."

Adrien aliweka kiganja begani kwake. Mzee hakumtazama. Alikuwa bado anaifuata mistari kwa kidole, machozi yanamtoka waziwazi.

"Kumbe nilikuwa macho," alisema.