Ngao ya Mekwanint Uani

Sijui nani aliniroga siku ile. Nimezaliwa huku Gaint, nimekulia huku huku, kisha nikafanya kosa ambalo hata mgeni angeonywa.

Darasa la sita ninalolifundisha tulikuwa tunasoma silaha za kale. Kitabu kiliwachosha watoto, nikatunga mchezo wa kusaka: maswali tisa kwenye vikaratasi, ukijibu moja unajua linalofuata limefichwa wapi. Mkuki wa mlinzi niliuweka nyuma ya mlango, kombeo chini ya meza yangu. Tiringo, mmoja wa wanafunzi wangu, alileta ngao ya ngozi ya kiboko na upanga uliopinda, vitu ambavyo baba yake, Mekwanint, alikuwa akicheza navyo kila sikukuu ya Ubatizo. Hivyo nikavitundika uani, kwenye uzio, pamoja na joho la baba yake alilolileta pia.

Mekwanint alikwenda vitani miaka miwili iliyopita, na alikuwa amekufa. Nilijua mimi, padri na wazee wawili. Mama yake na Tiringo hawakujua. Kwetu habari ya kifo haitupwi mlangoni kama mzigo wa kuni. Tulingoja Pasaka ipite, tukakubaliana twende kumwambia mama yake alfajiri, kesho yake baada ya siku hiyo ya mchezo.

Na kwetu silaha za mtu hutundikwa nje zikazungukwa siku moja tu, siku ya kumlilia. Mchezo ulinikolea, nikasahau.

"La tisa! Ni kiboko!" watoto walipiga kelele wakiizunguka ngao.

"We Admasu, unachungulia karatasi yangu, mwizi mkubwa!"

Mama Yeshihareg, mama yake Mekwanint, alikuwa anapita kutoka sokoni. Aliona ngao, joho, na watu wanazunguka. Kapu likamponyoka.

"Mekwanint! Mwanangu! Wanakulilia bila mimi?"

Tiringo akamkimbilia. "Bibi, nyamaza, unaniaibisha! Ni mchezo wa darasa tu!"

Hakumsikiliza mtoto. Alinijia mimi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu, wewe husemi uongo. Huu si msiba?"

Darasa zima lilinitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Si msiba, mama. Ni somo."

Akacheka huku machozi yanamtiririka. Akaipangusa ngao kwa mtandio wake, akawaonyesha watoto jinsi mwanawe anavyoishika, mkono juu, bega mbele, nao wakamshangilia. Tiringo alishangilia kuliko wote. Nilijichukia siku ile kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

"Mwehu wewe," aliniambia akiokota vitunguu vyake. "Ulitaka kuniua. Kesho njoo nikukaangie buni, na vikombe vyote vitatu vya desturi utamaliza."

"Nitakuja, mama."

"Usichelewe, bwana. Nataka nikucheke vizuri."

"Sichelewi," nikamwambia. "Nitakuja alfajiri."