Breki ya Mbele

Vidole vyangu vilikuwa juu ya breki ya mbele na vikakataa kukaza. Mara tatu nilikuwa nimeupita mstari wa chokaa, gurudumu la nyuma likiburuzika, roho mkononi.

"Ikamue, mkunga," alisema mwalimu, mama aliyestaafu utarishi. "Usiikwapue. Mkono na mguu kwa pamoja. Kesho ukiupita mstari kwenye mtihani, zahanati haikupi pikipiki."

"Mwalimu, usimdanganye mke wangu," mume wangu alidakia, ameegemea pikipiki yake. "Ya mbele inamrusha mtu kama gunia. Miaka yote nabeba abiria, sijaigusa."

"Basi una bahati, shemeji."

"Bahati? Huu ni ujuzi!"

Mume wangu akishikilia lake, hata umlilie haachii. Nilikuwa nimeshashika kasi alipojitoma uwanjani, akasimama nyuma tu ya mstari, mikono kiunoni, anacheka.

"Njoo! Mguu tu!"

Jamani! Niliogopa nisivyowahi kuogopa. Nikakanyaga. Gurudumu likateleza, pikipiki ikazidi kumfuata baba wa mwanangu. Nilikiona kicheko kikimtoka usoni, lakini miguu yake ilikuwa imeganda. Ndipo nikakamua, kama ninavyokamua nguo nzito iliyolowa maji, huku nikimwita Mungu. Pikipiki iliinama mbele, ikasimama. Tairi lilikuwa limegusa suruali yake.

Mwalimu alijikalia chini palepale, kiganja kifuani. "Fanya hivyo kesho, umepita," akasema. "Lakini nyie watu mtaniua."

Mume wangu alijipangusa suruali, akaenda kuwasha pikipiki yake. "Panda basi. Mtoto anatoka shule saa hizi."

Nilimsogelea. Sijui ni nini kilichonituma kuishika breki yake ya mbele. Niliikamua kidogo tu, ikalala hadi kwenye usukani, nyepesi. Haikuwa na waya.

"Niliukata kitambo," alisema. "Ulikuwa unanitia wasiwasi."

Kila siku mwanangu hukaa katikati yetu kwenye pikipiki hiyo, shavu mgongoni mwa baba yake, akisinzia. Nami nyuma yake humshika kiuno, nikidhani nimemlinda.

"Panda, mama. Tunachelewa."

Nilinyoosha mkono, nikazima injini, nikachomoa ufunguo.

"Tutamfuata kwa miguu," nikasema.